Nina vipande kibao vya nyimbo, nifanyeje nimalize hata mmoja?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi naandika nyimbo na gitaa napiga kiasi, shida yangu simalizi. Simu imejaa vipande, vesi moja na kiitikio basi, halafu inakuja aidia nyingine naiacha ile ya kwanza. Rafiki yangu ananiambia niingie chalenji ya kuandika wimbo kila wiki ila mi naona sanaa haipelekwi na saa, ukilazimisha vinatoka vibovu. We unaonaje? – Mzee wa Vipande

JIBU: Salama mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi, na we pia hujakosea sana, vibovu vitatoka tena vingi tu. Lakini cheki unachofanya saivi, kuanza wimbo umeshafanyia mazoezi mpaka umekuwa fundi, kumaliza hujafanyia mazoezi hata kidogo, sasa utakujuaje? Dedilaini kazi yake ni hiyo, inakulazimisha ufike pale ambapo huwa unakimbia.

Watu wanafanya hivi miaka mingi. Kuna February Album Writing Month, ipo tangu 2004, unajaribu kuandika nyimbo 14 ndani ya siku 28 za Februari, yani wimbo mmoja kila siku mbili, na hakuna mtu anayetegemea zote 14 ziwe kali. Jonathan Coulton wa Marekani aliacha kazi ya kuandika programu za kompyuta, 2005 akaanza kutoa wimbo kila wiki mwaka mzima, na baadhi ya zile za haraka haraka ndo zilizomfanya ajulikane.

Ila we usianze na 14, utakata tamaa wiki ya kwanza. Anza na mmoja kwa wiki, dedilaini Jumapili saa mbili usiku, na kumaliza maana yake uimbe mwanzo mpaka mwisho urekodi kwa simu, hata kodi za gitaa ziwe mbili tu na sauti ya usingizi. Halafu tafuta mtu wa kumtumia huo wimbo, hapa ndo wengi wanajidanganya, dedilaini ya kujiwekea mwenyewe utaisogeza tu, nani atakuuliza? Na mada akupe yeye. Ukichagua mwenyewe utaandika mapenzi yaleyale unayoandika kila siku (najua mnapenda, sisemi kitu).

Sasa twende kwenye vesi ya pili maana nahisi ndo inayokuua. Tuseme vesi ya kwanza jamaa anatoroka usiku na anayeimba ni mwenzake aliyebaki kitandani, "viatu mkononi, unadhani nimelala", kiitikio "funga mlango taratibu". Safi. Vesi ya pili unaandika tena jinsi alivyoondoka, machozi, mto umelowa, hapo umeshasema kila kitu mara mbili ndo maana unachoka unaitupa. Jiulize kuna nini kimebadilika. Peleka muda mbele, jamaa amerudi, saivi mwenye viatu mkononi ni huyu anayeimba na yeye ndo anaondoka. Kiitikio hujagusa hata neno lakini maana imegeuka, mwanzo alikuwa anamwambia mwenzake, sasa anajiambia mwenyewe. Ukiwa na wiki nzima ya kusubiri mzuka hufiki huko, ukiwa umebakiza lisaa limoja unaanza kujaribu vitu, geuza anayeongea, geuza muda, kimoja kitakubali.

Kingine, usirekebishe wiki hiyohiyo. Ukishatuma acha. Baada ya miezi miwili sikiliza zote, chagua moja au mbili zenye kitu uzifanyie kazi taratibu bila dedilaini yoyote, maana kurekebisha kunataka utulivu na hapo ule usemi wako wa sanaa na saa nakubaliana nao kabisa. Vile vipande vya zamani viache kwenye simu, usivifute, siku mada ikigoma utachukua kiitikio kimoja huko.

SWALI: Mi nipo kwenye kundi la wimbo kila wiki ila sipigi chombo chochote, natuma maneno tu. Wenzangu wanasema hayo mashairi sio nyimbo. Ni kweli dada?

JIBU: Hapo nipo na wenzako, samahani. Imba, hata kwa noti moja huku unapiga meza, utaona mwenyewe mistari inayogoma. Mfano "nimekusubiri mpaka taa za mtaa zimezimwa", kwenye karatasi iko poa, ukiiimba ina mizani (silabi) 19 na pumzi inakatika katikati. Jaribu "taa zimezimwa, bado nasubiri", 6 kwa 6, mdomo unajua pa kupumzika. Wazee wa mashairi walikuwa wanabana 8 kwa 8 na hawakuwa wanaringa, yale mashairi yalikuwa yanaimbwa. We huhitaji kubana hivyo kila mstari, ila vesi ya pili iende na idadi inayokaribiana na ya kwanza la sivyo melodi itakukataa. Wiki hii watumie sauti, hata kama ni ya kunong'ona.