Re: Kaunti ya weusi wengi ilimpaje kura Goldwater 1964?

Mkuu, umeuliza inakuwaje kaunti ya Lowndes kule jimbo la Alabama, Marekani, watu weusi karibu 80%, uchaguzi wa urais 1964 iende na Goldwater, mgombea wa Republican aliyepinga sheria ya haki za raia, halafu baadae iwe ngome ya chama cha Democrats. Jibu fupi, weusi hawakupiga kura. Yaani 1965 inaanza hakuna hata mweusi mmoja kwenye daftari la wapiga kura la kaunti nzima, kwahiyo matokeo ya 1964 ni ya wazungu peke yao, na Rais Johnson, mgombea wa Democrats, hata jina lake halikuwepo kwenye karatasi za kura Alabama.

Agosti 1965 ikaja ile sheria ya haki ya kupiga kura, watu wakaanza kujiandikisha, na kuna waliotimuliwa kwa sababu hiyo kwenye mashamba ya mabosi wao wakaishia kulala kwenye mahema kando ya barabara ya 80. Sasa wangeingiaje kwa Democrats wa Alabama wakati nembo ya chama ilikuwa jogoo mweupe na maneno ya kusifia ubabe wa wazungu juu yake? Wakaunda chama chao, nembo chui mweusi, maana wengi hawakujua kusoma. 1966 walishindwa uchaguzi, ila 1970 mwenzao John Hulett akachaguliwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti.

Kwenye urais Obama alizoa kama robo tatu mara zote mbili. Umaskini ndo haujaondoka, mpaka leo kuna nyumba maji ya chooni yanamwagika uani tu.