Ukinunua taa ya kale, usidanganywe na jina

Taa yangu ya kwanza ya kale, ya mafuta ya taa, niliinunua kwa sababu ya jina tu. Kwenye kile kigurudumu cha kupandishia utambi kuliandikwa Hinks, na mi nilishasoma kuwa James Hinks wa Birmingham ndo alisajili kichwa (ile sehemu ya juu ya tangi inayoshika utambi) cha tambi mbili mwaka 1865, ile inayoitwa duplex, tambi mbili bapa zinawaka sambamba. Nikalipa haraka haraka. Kufika nyumbani naikagua vizuri naona kichwa kimewekewa pete ili kishike kwenye tangi, na tangi lenyewe la kiwanda kingine kabisa. Iliniuma sana.

Sasa wewe unayeanza, shika hili: jina kwenye kichwa linakwambia nani alitengeneza kichwa, basi. Vichwa vilikuwa vinahamishwa tangu enzi hizo taa zikiwa bado kazini, kimoja kikiharibika watu wanafunga kingine. Kwa hiyo mwombe muuzaji uifungue yote, tazama kama hesi, zile nyuzi za kufungia kichwa kwenye tangi, zinaingia zenyewe bila kulazimishwa, kama shaba imechakaa sawasawa juu na chini, na ukiona pete ya kuunganishia uliza maswali. Hata tarehe iliyogongwa ukiiona usishangilie, mara nyingi ni tarehe ya hataza (usajili wa uvumbuzi), yaani taa inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye.

Na kila kichwa kina chimni yake, kile kioo kirefu kinachozunguka moto. Mfano vile vya Kosmos vya Wild & Wessel wa Berlin, utambi unaingia chini ukiwa bapa halafu unakunjwa kuwa duara, vinataka chimni yenye kiuno, kile kiuno ndo kinasukuma hewa kwenye moto. Ukiweka chimni iliyonyooka moshi utakaotoka utadhani taa ni mbovu, kumbe haina kosa lolote. Nimeona watu wanauza taa nzuri kabisa kwa sababu hiyo tu, inasikitisha.

Karabai ni habari nyingine. Petromax za Ehrich & Graetz wa Berlin, jina limetoka kwa Max Graetz mwenyewe, zimeigwa mno, ila la kwangu zaidi ni usalama: usipige pampu karabai iliyokaa miaka bila kubadilisha mipira na ngozi ya pampu. Kile kisoksi cheupe kinachotoa mwanga nacho, vingi vya zamani vina thoriamu ambayo ina mionzi kidogo, kikivunjika usipulize vumbi lake, futa kwa kitambaa kibichi.

Taa za vioo vya rangi za Tiffany Studios za New York, ambako Clara Driscoll na wanawake wenzake walibuni nyingi tunazozisifia leo, mi nasema usinunue peke yako. Mhuri ndo kitu rahisi kuliko vyote kughushi.

Halafu tafadhali usisugue! Nilisugua taa yangu ya pili mpaka ikang'aa, nikaondoa rangi yote ya asili ya kiwandani na hairudi tena. Sabuni laini, maji ya vuguvugu, kitambaa, inatosha.

Ile Hinks bado ninayo. Baadaye sana nilipata tangi ambalo kichwa chake kinaingia bila pete, nikaweka tambi mpya zote mbili, na jioni nikiwa nasoma ndo naiwasha hiyo hiyo.