Jifiche wewe, usimfiche mhusika wako

Juzi usiku msomaji ameniandikia: "Shikamoo dada. Nina miaka 49, watoto watatu na mswada wa kurasa 80. Mhusika wangu ni mama mtu mzima anayempenda mwanamke mwenzake. Nimekwama. Hivi hajachelewa?" Akaniambatishia na mswada wenyewe. Nimeusoma ujumbe ule mara nne, maana swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, tena bila upole.

Nilikuwa na miaka 51 nilipompelekea mhariri mmoja riwaya yangu ya kwanza. Akanijibu kwa mstari mmoja: nani atasoma mapenzi ya bibi? Lugha hakuigusa, muundo hakuugusa. Bibi, basi. Nikaifungia kabatini miaka miwili. Sitaficha, neno lile bado linaniuma. Mwandishi wa Uingereza, Bernardine Evaristo, alishatoa riwaya ya Mr Loverman mwaka 2013, na Barrington wake ana miaka 74, ana mke, na anampenda mwanamume mwenzake. Kumbe Zena, mhusika wangu, bibi wa miaka 54, ana ubaya gani? Mwaka huu riwaya yangu imetoka, na barua ninazopata nyingi ni za watu wa rika langu.

Hata hivyo, mswada wangu ule ulikuwa mbovu kweli, ila si kwa sababu ya umri. Niliandika huku nimejificha. Kiswahili chetu kina maficho mazuri: yeye ni yeye, awe mwanamume awe mwanamke. Katika miaka yangu 24 ya ndoa niliandika hadithi nyingi za mapenzi ambazo ndani yake "mpenzi" hana jina wala sauti, na sikuwahi kujiuliza huyo ni nani. Kwenye riwaya nikaendelea vivyo hivyo. Kurasa 140 msomaji hajui kama anayependwa na Zena ni mwanamke. Nikauita ufundi. Ulikuwa woga.

Kwa hiyo mtaje. Mpe jina, mpe sauti, mpe mikono.

Mikono hasa. Sura iliyoniokolea kitabu ni ya wanawake wawili wanaokunja shuka. Zena kashika pembe mbili, Rukia mbili. Wanasogeleana, pembe zinakutana, vidole vinagusana kama vilivyogusana siku zote. Safari hii Zena haachii. Rukia anangoja. Shuka limeshakunjika, nao bado wamelishika. Neno "mapenzi" halimo katika sura ile, na ndiyo wanayonitajia wote.

Jambo jingine: mtu mzima hapigwi na radi akajijua. Anarudi nyuma kusoma upya aliyoyaishi. Zena anamkumbuka rafiki yake wa shule aliyehamishwa, jinsi alivyolia wiki mbili na watu wakasema ni urafiki tu. Utamu wa hadithi hizi uko hapo. Kijana ana kesho. Zena ana jana pia, na jana yenyewe inaanza kumbadilikia mkononi.

Na mume usimfanye mnyama. Mume wa Zena katika rasimu ya kwanza alikuwa mlevi, anapiga. Nilimchora hivyo ili msomaji amsamehe Zena. Mume wangu mwenyewe alikuwa mtu mwema, na ugumu wote ulikuwa humo. Siku nilipomrudishia mume wa Zena wema wake, nililia mezani, na hadithi ikasimama.

Najua wengine mnaandika mahali ambapo jina lako likijulikana unaweza kupoteza kazi, watoto, hata uhai. Basi tumia jina la kubuni, hakuna aibu. Mwaka 1952 mwandishi wa Marekani, Patricia Highsmith, alitoa The Price of Salt, hadithi ya wanawake wawili wapendanao, kwa jina la Claire Morgan. Mmoja wao ni mama anayegombea mtoto na mumewe. Jina halisi la Highsmith lilikuja kuwekwa kwenye kitabu miaka ya mwisho wa maisha yake. Alijificha yeye; wanawake wake hakuwaficha, na mwisho wao aliuachia matumaini. Wapendwa, acheni kuwaua wahusika wenu ili kuwaridhisha watu ambao hata kitabu hawatakinunua! Mtajeni huyo anayependwa. Mtajeni mapema.

Marahaba, mdogo wangu. Nimemaliza kusoma kurasa zako leo alfajiri. Mwenzake ametajwa jina kwenye ukurasa wa 61. Mlete ukurasa wa kwanza, kisha nitumie tena.