Taa ya tangi la maji ya bahari: usianze na wati

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Raskazone, Tanga. Nina tangi la kioo la maji ya bahari, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50. Kwa sasa lina samaki tu, ila nataka kuweka matumbawe, nianze na yale laini. Jamaa yangu anasema ninunue taa ya LED ya kufunga nje ya nyumba, wati 100, kwa kuwa ni rahisi na inawaka sana. Mwingine ananiuzia taa mbili kuukuu za metali halaidi, zile za balbu ya gesi inayopata moto sana, wati 150 kila moja, kwa bei ya kutupa. Nichukue ipi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Ziache zote mbili.

Ungebaki na samaki peke yao, taa ya jamaa yako ingekutosha, maana samaki anataka mwanga wa kuonea tu. Matumbawe ni habari nyingine. Ndani ya nyama yake tumbawe limehifadhi vimwani vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kulilisha. Taa ikipungua, tumbawe linashinda na njaa hata maji yawe safi namna gani.

Na si kila mwanga unaoyafaa matumbawe. Maji humeza wekundu kwanza. Mzamiaji akijikata kidole kwenye kina cha mita 20 huona damu yake ya kijani. Kinachofika chini kwa wingi ni ubuluu, na vimwani vimezoea huo, hasa ule wenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 420 na 480. Taa ya nje imeundwa kwa ajili ya macho ya binadamu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga wake imeangukia kwenye kijani na njano. Halafu haipunguziki: ni kuwasha au kuzima.

Ndiyo maana nasema usiulize wati. Uliza PAR, yaani kiasi cha mwanga unaofaa kutengenezea chakula kinachofika mahali tumbawe lilipokaa. Matumbawe laini yanaridhika na PAR 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi membamba yanadai 200 hadi 350. Mtengenezaji makini huonyesha vipimo hivyo kwa kina mbalimbali. Kwa tangi lako, tazama namba ya sentimita 40 au 45 chini ya maji, si ile ya juu inayovutia wateja.

Metali halaidi inakuza matumbawe vizuri sana, hilo silipingi. Shida ni joto, na kwetu Tanga joto ndiyo adui mkubwa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalipauka kwa wingi kwa sababu yalitema vile vimwani. Tangi la lita 270 linapata joto haraka kuliko bahari. Mwezi wa Februari, chumba kikiwa kimeshapata moto, ukiongeza hizo taa juu yake maji yatapita nyuzi 30 kabla ya alasiri. Isitoshe, wati 300 kwa saa tisa ni uniti 2.7 kwa siku, yaani 81 kwa mwezi. LED za jumla ya wati 100 zitakula uniti 27.

Nunua LED za matangi ya matumbawe, mbili, kila moja ikihudumia sentimita 60, zenye buluu na nyeupe zinazorekebishwa kila moja peke yake. Moja kubwa ya katikati itaacha kona gizani. Zitundike sentimita 20 hadi 30 juu ya maji, kwani chumvi inayoruka hula taa ikiwa karibu mno. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likitambaa lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Siku ya kwanza usiwashe kwa nguvu yote. Anza na asilimia 40, kisha panda kidogo kidogo kwa wiki nne, taa ikiwaka kwa muda wa saa nane hadi tisa kwa siku, ukitumia taima. Ukiona tumbawe linapauka, rudi chini. Likijivuta juu na kuwa la kahawia, ongeza. Na umeme ukikatika, inveta iendeshe pampu. Matumbawe huvumilia giza la usiku mzima, lakini maji yakisimama samaki watakosa hewa.

Jambo la mwisho, ndugu yangu: usiende kuvunja matumbawe mwambani maji yakipwa. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale), iliyoanzishwa 2009, inaanzia upande wa Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga, na matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Pita kwanza ofisi ya uvuvi uulize habari za kibali, kabla hata hujalipia taa.