Majina ya waandishi yapangwe kabla ya kwenda tereni kukusanya data

Ndugu asistanti, umeuliza mambo mawili: kama jarida linaloahidi kuchapa makala yako kwa siku 3 ukilipa dola 150 ni la kuaminika, na kama profesa ambaye hakugusa data anaweza kutangulia kwenye orodha ya waandishi.

La jarida ni fupi: achana nalo. Kwa siku 3 hakuna atakayeisoma makala hiyo kwa makini. Litafute kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida ya wazi (yanayosomwa bure mtandaoni) iliyoanza 2003. Kama shida ni pesa, Kongo yetu (DRC) iko Kundi A la Research4Life, mpango unaozifungulia nchi maskini majarida ya kisayansi, na wachapishaji wengi huwaondolea ada kabisa waandishi wa nchi za kundi hilo. Uliza kabla ya kutuma.

La majina ndilo zito. ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba ambayo hata fani nyingine huifuata, ina masharti manne: uwe umechangia kwa uzito kubuni kazi, kukusanya data au kuzichambua, uwe umeandika rasimu au kuikosoa kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika. Aliyetia sahihi barua ya utafiti tu hushukuriwa mwishoni, basi.

Ila kanuni hizo watu huzisoma nusu. Niliwahi kufanya ankete Kadutu na Bagira, komini za Bukavu, kwa mradi wa wageni. Maswali yao hayakueleweka, tukayapanga upya. Mashefu wa kartye tuliwabembeleza sisi. Makala ilipotoka, tulikuwa "wakusanyaji" kwenye shukrani. Eti hatukuandika. Rasimu tulipewa na nani? Kanuni zilezile zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki uandishi, na masharti yasitumiwe kumfungia mtu mlango.

Tangu hapo siendi tereni bila karatasi moja: nani anachambua, nani anaandika, majina yatafuatana vipi. Maprofesa wengi hukubali bila neno mapema. Data zikishapatikana, hee, kila mtu ni mwandishi!

Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti nacho hutangulia. Majarida mengi huuliza namba yake, na kamati haikupi kibali cha kazi iliyokwisha. Kadutu, anayeandika majina hudhaniwa analeta msaada, kwa hiyo sema mlangoni kwamba hakuna. Wanaoogopa kutia sahihi, omba kamati ikuruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo. Na faili utakayoweka Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, isiwe na GPS za nyumba: jina ukilifuta, jirani bado atajua ni kwa nani.

Kwako wewe data ziko tayari, basi andika rasimu, mtumie profesa, umwombe maoni ya maandishi kwa tarehe fulani. Akiikosoa kweli, akaiidhinisha na kukubali kuiwajibikia, muulize pia mchango wake tangu mwanzo wa kazi: kama aliibuni nawe, ni mwandishi, na katika fani nyingi msimamizi hukaa wa mwisho. Asipojibu, mkumbushe mbele ya mkuu wa idara, kwa heshima, kwa barua.