Anza na ndoo: nilichojifunza kwa kulima saladi sebuleni

Mavuno yangu ya kwanza ya kilimo cha maji yalikuwa doa kwenye dari ya jirani.

Ninakaa ghorofa ya tatu, Sinza. Sina ua wala baraza la maana. Nina kona moja ya sebule kati ya friji na dirisha. Nilikuwa nimeshiba video za watu wanaovuna saladi bila udongo, kwenye mabomba meupe yaliyopangwa ukutani kama ngazi, nikanunua mabomba ya inchi 4, elbo, vifuniko, gundi na pampu ndogo ya tangi la samaki, fundi akanitobolea matundu. Wikiendi moja kazi imekwisha. Ilipendeza mno, hata picha nilipiga.

Wiki ya tatu umeme ukakatika asubuhi mimi niko kazini. Kwenye mfumo wa namna ile maji hupita chini ya mizizi kama utando mwembamba. Pampu ikisimama, mizizi inabaki mikavu, na kwa joto la Dar haichukui hata siku moja kufa. Jioni umeme ukarudi, pampu ikaanza kusukuma, rundo la mizizi iliyolegea likaziba njia ya kurudia maji, na tangi zima likamwagika sakafuni taratibu. Dada wa chini hakunifokea. Aliniita ndani, akanionyesha dari yake, akanyamaza. Nilimlipia rangi, mabomba nikayafungua siku ileile.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, jibu langu ni ndoo. Ndoo yenye mfuniko, isiyo na pampu wala waya. (Najua hapa kwetu ukisema haidroponiki, yaani kilimo hiki cha maji bila udongo, wengi wanakumbuka zile trei za majani ya shayiri za kulishia ng'ombe na kuku. Hiyo ni habari nyingine.) Namna hii ya ndoo iliandikwa na kuenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na ukiielewa utaona kama imetungwa kwa ajili ya watu wa mgao.

Unajaza maji yenye virutubisho, unatoboa mfuniko, unapachika kikombe chenye mche ili kitako chake kiguse maji kidogo tu. Basi. Mche unakunywa, maji yanashuka, na pengo la hewa linakua kati ya mfuniko na maji. Mizizi ya chini inabaki majini kunywa. Ile ya juu, iliyoachwa kwenye pengo, inaota vinyweleo vyeupe kama pamba na kuvuta hewa yenye unyevu. Mmea mmoja, mizizi ya kazi mbili.

Mimi sikuelewa hivyo mwanzoni. Siku ya ishirini na kitu nilifunua mfuniko, nikaona maji yamefika nusu, nikahisi nimezembea. Nikajaza ndoo hadi juu. Kesho yake asubuhi saladi zilikuwa zimelala ubavu, majani yamelegea kama kitambaa kilicholowa, na zimesimama ndani ya lita kumi za maji! Nilikuwa nimeizamisha mizizi ya hewa, ikakosa pumzi. Ukilazimika kuongeza maji, ongeza kidogo, sentimita mbili tatu, pengo libaki. Saladi moja inatosheka na kama lita 4 tangu mche hadi mavuno, kwa hiyo ndoo ya lita 10 ikibeba mbili huna haja ya kuongeza chochote.

Ndoo nzuri ni zile za mafuta ya kula, zilizooshwa vizuri kwa sabuni. Ya rangi au ya dawa usitumie, hata ukiisugua mwezi mzima. Ndoo nyeupe inapitisha mwanga, na mwanga ukifika majini utafuga ukoga wa kijani unaogombania chakula na mimea. Ipake rangi nyeusi kwa nje, kisha nyeupe juu yake ili isivute joto. Au izungushie foili ya jikoni, ndivyo ninavyofanya mimi. Matundu natoboa kwa kisu kilichopashwa moto, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi. Vikombe ni vya mtindi, nimevitoboa chini na pembeni kwa msumari wa moto.

Sasa mbu. Ndoo ya maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni hoteli ya mbu wa Aedes, wale wa mchana wanaoeneza dengi, na Dar tuliipata dengi 2014 na tena 2019. Kila tundu lisilo na kikombe nalifunika kwa utepe wa gundi, na pembeni ya kikombe nazungushia kipande cha neti kuukuu. Ukiona viluwiluwi, mwaga maji yote, sugua ndoo, anza upya.

Mbegu naziotesha kwenye sponji mpya ya kuoshea vyombo, nimeikata vipande vya sentimita mbili na nusu, kila kimoja na mkato mdogo juu. Mbegu ya saladi inataka mwanga ili iote, kwa hiyo usiizike ndani. Na haipendi joto: ikipita nyuzi 28 au 30 inagoma, unabaki kumlaumu muuzaji. Mimi nilimlaumu mara mbili kabla ya kujua. Siku hizi naweka trei yenye sponji zilizolowa kwenye friji, chini pale kwenye mboga, usiku mmoja au miwili, ndipo naitoa. Zinaota kwa pamoja. Mche ukifikisha majani matatu manne, unahamia kwenye ndoo.

Chakula cha mimea ndipo watu wengi wanapokwama. Nilishauriwa niyeyushe kijiko cha urea, nikayeyusha. Majani yakawa njano na maji yakanuka. Shambani urea inageuzwa na bakteria wa udongoni kuwa naitreti ambayo mmea unaitumia vizuri. Kwenye ndoo bakteria hao ni wachache mno. Unachohitaji ni vitu vitatu: mbolea ya NPK inayoyeyuka yote iliyotengenezwa kwa haidroponiki (NPK ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu; hii ina naitrojeni kidogo, potasiamu nyingi, na madini madogomadogo kama chuma na zinki), magnesiamu salfeti, yaani chumvi ya Epsom, na kalsiamu naitreti. Mimi kwa maji lita 10 naweka gramu 6 za NPK hiyo, gramu 3 za Epsom na gramu 6 za kalsiamu naitreti. Nunua mizani ndogo inayopima gramu moja moja, vijiko vinadanganya.

Mpangilio wa kuyeyusha nao ni muhimu. Yeyusha NPK na Epsom kwanza kwenye ndoo iliyojaa maji, koroga mpaka yapotee, ndipo uweke kalsiamu iliyoyeyushwa pembeni. Usichanganye vikiwa vizito kwenye chupa moja. Kalsiamu ikikutana na salfeti zikiwa nzito zinatengeneza jasi. Utaona maji yamekuwa meupe kama yametiwa chokaa, kisha ungaunga unatua chini. Hapo chakula kimelala kitako na mmea hauwezi kukila. Na mbolea yenyewe iweke mbali na watoto, kwa sababu inafanana na chumvi na sukari.

Kabla ya kununua chochote kingine, pima maji yako. Kipimo cha EC ni kijidude cha ukubwa wa kalamu, kinaonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Mchanganyiko wa saladi nauacha karibu na 1.5 (mS/cm kwenye kijidude hicho), miche midogo nusu ya hapo. Mwezi mmoja bomba lilikauka, tukaletewa maji ya kisima kwa boza. Nikapima kabla ya kuweka hata punje ya mbolea: 2.1. Maji yenye chumvi kiasi hicho hayana nafasi ya kupokea kitu. Tangu hapo masika nakinga maji ya mvua kwenye madumu na kuyafunika vizuri. Kuhusu pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, lenga 5.5 hadi 6.5. Ikiwa juu, matone ya ndimu yanaishusha lakini inarudi juu baada ya siku chache. Asidi ya fosfori inayouzwa kwa kazi hii inadumu zaidi, ila vaa glavu.

Taa sitaielezea sana kwa sababu watu wanaikuza kuliko inavyostahili. Zile za zambarau zinaumiza macho na kuifanya sebule ifanane na baa. Ninatumia taa mbili ndefu za LED, nyeupe, wati 18 kila moja, nimezining'iniza sentimita 20 juu ya majani, zinawaka saa 14 kwa siku kwa swichi ya saa. Miche ikirefuka na kuinama kama inachungulia dirishani, ujue taa iko mbali. Hesabu yake ni nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti ni shilingi elfu tano na ushee. Ila kama uko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, angalia: hizo 15 zinaweza kukutoa humo na kupandisha bili ya nyumba nzima. Kama dirisha lako linapata jua la asubuhi, jaribu bila taa kwanza.

Adui wa kweli hapa pwani ni joto la maji. Januari na Februari ndoo yangu ilifika nyuzi 31. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na ugonjwa wa kuoza mizizi unayapenda. Mizizi ikawa ya kahawia, ikivutwa inachomoka kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Ndoo zangu sasa zinakaa sakafuni kwenye vigae, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na siku za joto kali naegemeza nje ya ndoo chupa za maji yaliyoganda, nimezifunga pamoja kwa taulo. Inasaidia, haiponyi. Nimeacha kushindana na majira: saladi na giligilani nalima Juni hadi Agosti. Kiangazi chenyewe nalima mrehani, mnanaa na mchicha, ambavyo joto haviliogopi. Mnanaa wala usinunue mbegu. Chukua vijiti vya sokoni, viweke kwenye glasi ya maji wiki moja, vitatoa mizizi.

Nyanya? Nilijaribu. Zilijaza dirisha, zikala mbolea ya ndoo tatu, zikanipa nyanya tisa. Bei ya sado sokoni inatosha kunikumbusha nisirudie.

Mama alipokuja kutoka Tanga alizunguka ndoo zangu mikono nyuma, kama mkaguzi. "Mwanangu," akaniuliza, "udongo umekukosea nini?" Nikamwambia, mama, udongo uko chini, mimi niko ghorofa ya tatu. Akachuma jani la saladi, akalitafuna taratibu, akasema halina ladha. Siku ya tatu nikamkuta anachuma mnanaa kwa ajili ya chai yake, bila kuniomba.

Ukimaliza mavuno, osha ndoo kwa maji yenye dawa kidogo ya madoa, suuza mara mbili, anika. Maji ya zamani usiyamwage chooni, bado yana mbolea. Mimi nayashusha kwenye mpapai ulio karibu na kibanda cha mlinzi wetu. Juzi aliniuliza naupa dawa gani, maana papai zimeanza kuinamisha shina.