Usichukue mkopo kwa kutegemea umeme wa kuuza

Mkuu, weka hiyo kalamu chini. Umesema nyumba yako inakula uniti 15 kwa siku, mchana wote mko kazini, na jamaa amekushauri ukope ufunge kilowati 8 za sola "kwa sababu shirika la umeme litanunua zote zinazobaki". Halafu unauliza betri gani, inveta gani, na utaratibu wa kulipwa ukoje. Tuanze na hiyo karatasi ya hesabu aliyokuachia, kwa sababu naijua hata kabla hujaipiga picha. Ina grafu ya kijani inayopanda kwenda kulia, na chini yake maneno "pesa yako inarudi ndani ya miaka 5". Yangu bado ninayo, imekaa kwenye faili moja na barua za benki.

Hesabu ya hawa wauzaji wa sola ni hii. Wanachukua uniti zote ambazo paneli zitazalisha kwa mwaka, tuseme 10,000, wanazidisha kwa bei unayonunulia umeme. Ikiwa unanunua uniti kwa 30 (weka sarafu yako mwenyewe), wanaandika 300,000. Wanapigia mstari mara mbili, wanakupa mkono.

Sasa muulize: nani atanilipa 30? Atakohoa. Bei ya kununua na bei ya kuuza ni vitu viwili tofauti kabisa. Unaponunua uniti unalipia mitambo, nguzo, nyaya, kodi na mishahara ya watu. Unapouza, unalipwa bei ambayo serikali au mdhibiti ameiweka kwa umeme unaoingia kwenye gridi, na sehemu nyingi siku hizi ni robo au theluthi ya ile unayonunulia. Ujerumani mwenye mfumo mdogo wa nyumbani analipwa takriban senti 8 za yuro kwa uniti ya ziada, huku yeye mwenyewe akinunua kwa zaidi ya senti 30.

Rudia hesabu kwa 30 na 8. Nyumba ambayo mchana haina mtu, bila betri, itatumia yenyewe kama 2,000 kati ya zile 10,000. Hizo ndizo zinazokuokolea 30 kila moja, yaani 60,000. Zilizobaki 8,000 zinakwenda kwenye gridi kwa 8, yaani 64,000. Jumla 124,000. Ile miaka 5 imekuwa 12, na riba ya mkopo hata hatujaigusa.

Subiri, kuna pabaya zaidi, na hapa ndipo mimi nilipopigwa. Chukua nusu ya mfumo, kilowati 4. Unazalisha 5,000, unatumia labda 1,600, unauza 3,400. Unapata 75,200. Kwa hiyo kilowati 4 za pili, ambazo zimekugharimu karibu sawa na zile za kwanza, zinaongeza 48,800 tu. Karibu zote zinakwenda kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi nilijaza paa mpaka upande ambao jua hulifikia kwa huruma, kisha nikawa nalipa deni la benki ili majirani wapate umeme wa mchana. Mke wangu huniita mfadhili. Nacheka, nifanyeje.

Yule muuzaji sikumwona tena baada ya malipo ya mwisho. Nilipompigia kuhusu taarifa ya kwanza ya malipo alinijibu kwamba "bei hubadilika". Bei haikubadilika, ndugu yangu. Ilikuwa hiyohiyo tangu siku aliyokuja, na alikuwa anaijua, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye fomu aliyonijazia kwa mwandiko wake.

Kusema kweli kuna zama ambazo ushauri wake ungekuwa sahihi. Ujerumani ilipopitisha sheria yake ya nishati jadidifu ya mwaka 2000, sola ililipwa senti zipatazo 50 kwa uniti, bei imefungwa kwa miaka 20, na wakati huo kuuza kulilipa kuliko kutumia. Uingereza nayo ilipoanza mpango kama huo Aprili 2010 ililipa zaidi ya peni 41 kwa kila uniti uliyozalisha, hata ukiitumia mwenyewe. Ukijaza paa enzi hizo ulikuwa mjanja. Lakini paneli ziliposhuka bei, malipo nayo yakashushwa hatua kwa hatua, na mpango wa Uingereza ukafungwa kwa waombaji wapya mwisho wa Machi 2019. Wauzaji wamebaki wanahubiri ya zamani. Na ujue bei unayopata kwa kawaida ni ile ya siku mfumo wako ulipounganishwa au kusajiliwa rasmi. Siku uliyolipa malipo ya awali haihesabiki. Fundi akichelewesha makaratasi, bei ikishuka katikati, hasara ni yako.

Usichanganye pia na ule utaratibu wa kufidia uniti kwa uniti, kwamba uliyotoa mchana inafuta uliyochukua usiku. Huko hesabu ya muuzaji inakaribia ukweli. Kalifonia walikuwa nao, na kuanzia Aprili 2023 wateja wapya wa makampuni makubwa ya umeme wakaondolewa humo. Kwa hiyo omba uone mkataba wenyewe wa shirika, ule wa kusaini, utafute mambo matatu: bei ya uniti inayouzwa, imefungwa kwa muda gani, na nini kinakufanya uipoteze. Kuna mipango ambayo ukiongeza paneli baadaye unatolewa kwenye bei ya zamani.

Mita ya njia mbili haina siri. Nyingi zinaonyesha namba kwa kupokezana kwenye kioo chake: penye 1.8.0 ni uniti ulizochukua kwenye gridi, penye 2.8.0 ni ulizotoa. Yangu ile ya pili inakimbia kuliko ya kwanza, na mfukoni huwezi kujua.

Kwa hiyo pima mfumo kwa matumizi yako ya mchana. Paa lisikudanganye. Pampu ya maji, mashine ya kufulia, pasi, hita, vyote vihamishie saa za jua, halafu ndipo uhesabu paneli. Ukubwa wa kuuza uuchukulie kama haupo.

Fanya hivi kabla hujakanyaga benki: soma mita yako uliyonayo sasa saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kwa wiki nzima, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Toa ya asubuhi kwenye ya jioni. Weka namba hizo hapa pamoja na picha ya ile karatasi ya kijani, jina la kampuni ulizibe. Nikiona kwamba mchana mnatumia uniti tatu na jamaa bado anakuuzia kilowati 8, nitampigia simu mwenyewe.